Kusadikika, Walenisi na Ndoto ya Serikali Moja ya Dunia

Katika riwaya ya Kiswahili zimo nchi ambazo hazionekani katika ramani yoyote, lakini wasomaji wanazijua kuliko baadhi ya zile zinazoonekana. Shaaban Robert peke yake alizibuni mbili: Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, na Kufikirika, iliyotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Katama Mkangi akaongeza Walenisi mwaka 1995. Wahakiki wengi wamezisoma nchi hizo kama mafumbo ya utawala wa kikoloni au ya tawala zilizofuata uhuru, na usomaji huo una haki yake. Hata hivyo liko swali jingine ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha: nchi hizo zinasema nini juu ya ile ndoto kongwe ya binadamu, yaani dunia isiyo na vita, dunia iliyo chini ya serikali moja?

Kwa msomaji wa Kongo swali hili si la anasa. Mwanafunzi wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kisangani akitakiwa kueleza namna ya kuiondoa vita duniani, jibu lake la kwanza aghalabu huwa kwamba mipaka ifutwe, majeshi yote yawe jeshi moja, na juu ya watu wote pawe na mkuu mmoja. Jibu hilo linaeleweka. Aliyeona au kusimuliwa jinsi majeshi ya nchi kadhaa yalivyoivuka mipaka ya Kongo tangu mwaka 1996 hana sababu kubwa ya kuipenda mipaka hiyo. Taabu inaanza pale Shaaban Robert anapoitwa kuwa shahidi wa jibu hilo, kwa hoja kwamba alitamani binadamu wote wawe ndugu, na kwamba ndugu huhitaji baba mmoja. Ushahidi huo hautoki katika vitabu vyake. Kusadikika, ikisomwa kwa makini, ni mojawapo ya hoja kali zilizopata kuandikwa kwa Kiswahili dhidi ya mkuu mmoja asiyesikia neno.

Kisa chenyewe kinajulikana, kwa hiyo yatosha kukumbusha mhimili wake. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza. Karama anashtakiwa mbele ya baraza hilo na Waziri Majivuno, na kosa lake ni kuanzisha mafunzo ya sheria. Badala ya kujitetea kwa kukana, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alitaabika safarini, akajifunza mambo ambayo yangaliifaa nchi yake, na aliporudi akalipwa adhabu badala ya shukrani. Mwishoni mfalme anaguswa na maneno hayo, na Karama anapata uhuru wake.

Nchi hiyo haikosi umoja hata kidogo. Haina vyama vinavyogombana, haina majimbo yanayojitenga, haina amri mbili zinazopingana. Kama serikali moja ingalitosha kuleta amani, basi raia wa Kusadikika wangalikuwa watu wenye raha kuliko wote. Kinyume chake wanaishi katika hofu, na anayetaka tu kufundisha jinsi ya kumtetea mshtakiwa anahesabiwa adui. Vita haipo, lakini gereza lipo, na waliomo ni wale waliokwenda mbali kuleta kheri. Shaaban Robert hakuhitaji kuandika kwamba kimya na amani ni vitu viwili. Mpango wa kisa chake unalisema hilo kila mjumbe anaporudi nyumbani.

Wahakiki wanaouona utetezi wa Karama kuwa mrefu mno wanaipita hoja iliyo nzito kuliko zote katika kitabu. Utetezi huo unawezekana kwa sababu Kusadikika ina nje. Zipo pande sita zisizotawaliwa na mfalme yule, na huko mjumbe aliweza kuona sheria nyingine, desturi nyingine na hukumu nyingine. Maarifa yote ambayo Karama anayaweka mbele ya baraza yametoka ng'ambo. Ziondolewe pande hizo, Kusadikika ienezwe mpaka ijae mbingu na ardhi, na Karama atakuwa hana hadithi hata moja ya kusimulia. Majivuno atauliza ni wapi mambo yanatendeka kwa namna nyingine, na jibu halitakuwapo. Serikali moja ya dunia, kwa kipimo cha riwaya hii, ni Kusadikika iliyonyang'anywa pande zake sita.

Hofu kama hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa Ulaya. Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alikataa dola moja inayozimeza nyingine zote, kwa kuwa aliamini kwamba utawala unaopanuka kupita kiasi hupoteza nguvu ya sheria zake, hugeuka udhalimu, na mwisho huangukia katika fujo. Alipendekeza badala yake shirikisho la mataifa huru. Haifai kudai kwamba Shaaban Robert alimsoma Kant. Mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika hakuhitaji kitabu cha Kijerumani ili ajue dola kubwa inavyofanana ikitazamwa kutoka chini.

Kufikirika inaongeza doa jingine katika picha ya mkuu mmoja. Huko ufalme mkubwa unayumba kwa jambo ambalo kwa mkulima lingekuwa huzuni ya nyumba yake tu: mfalme hana mtoto. Waganga wanaitwa, mali inatumika, nchi nzima inahangaishwa, mpaka inafikiriwa damu ya watu kumwagwa ili kiti kipate mrithi. Kadiri mamlaka yanavyokusanywa mahali pamoja, ndivyo kila udhaifu wa mahali hapo unavyokuwa msiba wa wote.

Wakongo wamelionja jambo hili nje ya vitabu. Chama cha MPR kilipoundwa mwaka 1967, na baadaye kila raia wa Zaire akahesabiwa mwanachama wake tangu kuzaliwa, umoja uliimbwa asubuhi na jioni. Umoja huo haukuzuia vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978, na Kolwezi haijavisahau. Chama kimoja kilipotangazwa kumalizika tarehe 24 Aprili 1990, iligunduliwa kwamba magomvi yote ambayo nyimbo zilikuwa zimeyafunika yalikuwa yangali hai. Tena mwaka 2003, baada ya mapatano ya Sun City na Pretoria, serikali moja ya mpito ikawakusanya waliokuwa wakipigana: rais mmoja na makamu wanne. Askari wa pande zote wakaanza kuchanganywa katika jeshi moja. Vita kubwa ilitulia kweli, na si haki kuidharau kazi hiyo. Lakini Ituri na Kivu ziliendelea kuona moto, kwa kuwa wengi waliingia katika serikali moja bila kuiacha bunduki nyingine uani. Riwaya za Shaaban Robert hazikutabiri hayo. Zinamsaidia tu msomaji asishangae.

Lazima pia iondolewe picha ya Shaaban Robert kama mtu mpole asiyetaka kusikia habari za silaha. Mwandishi huyu huyu alitunga utenzi mrefu mno juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jina hilo lina mengi ndani yake. Mtu asiye huru katika nchi yake anaiita vita ya watawala wake kuwa ni ya uhuru, na hakuna ushahidi kwamba alikuwa anafanya mzaha. Kwa hiyo aliamini kuwa ziko vita zenye maana, na dhuluma ni mbaya kuliko vita. Anayeipima Kusadikika kwa kipimo cha mtu anayechukia kila pigano hataelewa kwa nini kitabu hakishughuliki sana na namna ya kuondoa silaha, bali kinashughulika na namna ya kumpa mshtakiwa nafasi ya kusema.

Msamiati wenyewe unaunga mkono usomaji huu, ingawa ni vyema mwanaisimu asiuchukue msamiati kuwa falsafa. Neno serikali lina asili ya Kiajemi, na lilifika katika Kiswahili likiwa na maana ya wale walio juu ya kazi na amri. Neno amani limetoka katika Kiarabu, na huko lilitumika pia kwa ahadi ya usalama anayopewa mgeni au hata adui, ili apite bila kudhurika. Amani ya namna hiyo inahitaji watu wawili: anayeweza kudhuru na akaahidi kutodhuru, na anayeipokea ahadi. Haifuti tofauti kati yao. Serikali inahitaji mmoja tu aliye juu. Wanafunzi wanapoandika kwamba amani italetwa na serikali moja, wanaunganisha maneno mawili ambayo historia zake hazikutembea njia moja. (Neno vita nalo, katika Kiswahili sanifu, lina umbo la wingi hata linapotaja pigano moja, lakini hapo pengine mwanaisimu anaanza kucheza.)

Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na aliwahi kuwekwa kizuizini Kenya katika miaka ya 1980. Riwaya yake inaanzia mahali Kusadikika ilipoishia, kwa maana kwamba hapo hakuna tena mfalme wa kushawishiwa. Dzombo anahukumiwa kufa katika nchi yake, na chombo anachotiwa ili aangamie ndicho kinachomfikisha Walenisi, nchi ya usawa. Kisanaa riwaya hii iko chini ya Kusadikika. Maelezo ni mengi, wahusika wanahutubiana, na msomaji huhisi mara kwa mara kwamba anafundishwa somo ambalo amekwisha kulielewa. Isitoshe, uzito wa kitabu umewekwa katika kuonyesha nyumba iliyokwisha jengwa kuliko katika jasho la kuijenga, na msomaji anayeishi katika magofu angependa kusikia zaidi habari za jasho.

Lakini jina la nchi hiyo ni uvumbuzi ambao Shaaban Robert mwenyewe angaliuonea wivu. Walenisi ni sentensi kamili iliyofungwa katika neno moja: wale ni sisi. Kitenzi chake ni ni, kile kidogo kuliko vyote katika lugha, kisichoamrisha wala kuahidi. Mkangi hakuandika kwamba wale wawe sisi. Hiyo ingalikuwa sentensi ya mjenzi wa dola, na kila dola iliyopata kutaka kuitawala dunia ilisema hivyo: wale wabatizwe, wastaarabike, waandikishwe, ndipo watakapohesabiwa kuwa wetu. Sentensi ya Mkangi haimtaki mtu yeyote abadilike kwanza. Wale wanabaki wale, na papo hapo ni sisi. Mwanasarufi atasema kwamba kiwakilishi cha nafsi ya tatu kimelinganishwa na cha nafsi ya kwanza bila kufutwa, na hayo ndiyo maelezo mafupi zaidi ya dunia isiyo na vita ambayo riwaya ya Kiswahili imeyatoa.

Hapa inafaa kuongeza jambo ambalo walimu wa Kiswahili hawapendi kulisikia. Neno sisi katika lugha hii halitofautishi baina ya sisi pamoja na wewe unayesikiliza na sisi bila wewe, kama zinavyotofautisha baadhi ya lugha za dunia. Msikilizaji huachwa akisie mwenyewe kama amehesabiwa ndani au nje. Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili, kwa kuenea kwake, kitaleta udugu kati ya mataifa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati halina budi kupunguzwa kidogo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, na kinatumiwa katika Umoja wa Afrika. Hayo ni mafanikio. Hata hivyo katika Kivu wanaopigana wanaelewana lugha vizuri sana. Mji wa Goma ulipotekwa Novemba 2012, na tena Januari 2025, haikuhitajiwa mkalimani ili raia waelewe walichoamrishwa. Lugha moja imeweza kubeba tangazo la amani na amri ya kuhama katika wiki moja.

Kisa cha Kisangani kinaonyesha hilo kwa uchungu zaidi, na kinairudisha hoja mahali alipoiweka Shaaban Robert, yaani barazani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo, mbali na mipaka ya nchi zote mbili. Maofisa wao wengi walikuwa wamepigana upande mmoja huko Uganda katika miaka ya 1980, na wakati huo walikuwa bado wakihesabiwa washirika. Mamia ya raia waliuawa. Watu wa mji huo waliita vita hiyo kwa hesabu ya siku zake: vita ya siku sita.

Kongo ilikuwa imekwisha kuishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye mwaka 1999. Hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005: Uganda ilionekana kuwa imevunja sheria ya mataifa katika ardhi ya Kongo, na mapigano ya Kisangani yalikuwa miongoni mwa mambo iliyolaumiwa kwayo. Fidia ilichelewa mpaka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano. Rwanda nayo ilishtakiwa, lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilisema kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kwa kuwa Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo. Majeshi mawili yalipigana katika mitaa ile ile na siku zile zile. Moja likahukumiwa, jingine halikusikilizwa kabisa.

Hapo ndipo kiungo dhaifu cha Kusadikika kinapoonekana waziwazi. Karama anashinda kwa sababu juu ya baraza yuko mfalme mwenye uwezo wa kufungua gereza kwa neno moja, na siku hiyo mfalme ameamua kusikia. Mwandishi amempa mtetezi wake haki, kisha akamwazima nguvu ya yule yule ambaye haki hiyo ilikusudiwa kumpunguzia nguvu. Mfalme asingeguswa, hadithi sita zingalikuwa saba, na ya saba ingalikuwa ya Karama. Katika dunia halisi mambo yamepinduka. La Haye kuna baraza, kuna sheria, kuna mashahidi na vitabu, lakini hakuna mfalme, na mshtakiwa asiyetaka kuja haji.

Kwa hiyo wale wanaoota serikali moja ya dunia hawapaswi kuchekwa. Wanakiona kitu ambacho Shaaban Robert alikificha nyuma ya kiti cha mfalme: hukumu isiyo na mkono wa kuitekeleza humwacha mjane wa Kisangani na karatasi. Wanachokosea ni kudhani kwamba mkono huo lazima uwe mmoja, na kwamba ukiwa mmoja utakuwa mwema. Kati ya mfalme wa Kusadikika na mahakama isiyoweza kumwita asiyetaka kuja, riwaya ya Kiswahili bado haijabuni nchi ya tatu. Mkangi alikaribia, lakini aliipeleka nchi yake mbali mno, hata msomaji haoni njia ya kwenda huko kwa miguu.

Pengine kabla ya kubuni nchi hiyo ipo kazi ya karibu zaidi. Hukumu za mwaka 2005, 2006 na 2022 ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ambazo ndizo lugha rasmi za Mahakama. Kurasa zinazohusu Kisangani si nyingi, na istilahi zake kubwa, kama fidia, mamlaka, ridhaa na uvamizi, Kiswahili kinazo tangu zamani. Idara za Kiswahili zinazowatuma wanafunzi kila mwaka kuandika juu ya hotuba za Karama zingeweza kuwatuma wachache wazitafsiri kurasa hizo, na kuzisoma sambamba na riwaya.